Figo za Nyemo na Darubini ya Iddi

Ninyi wawili mliorithi meza yangu hospitalini Dodoma mmeniomba niwaandikie habari za magonjwa ya figo, kwa sababu, mnasema, hakuna aliyechemsha mkojo mwingi kuliko mimi kati ya Mpwapwa na Kilimatinde. Nimeipokea sifa hiyo. Nilipomsomea mke wangu barua yenu aliuliza kama ni sifa ya kutundikwa ukutani au ya kufichwa chini ya kitanda.

Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza ni fupi mno, na la pili mnalijua, maana ndivyo mnavyolipwa ninyi. Nitasema nilivyojifunza kazi na nilivyokaribia kuiharibu. Na ili msije mkasikia kwa wengine, natangulia kusema kwamba katika habari hii wivu utakuwa mwingi kuliko dawa. Nimemwonea wivu mtu mmoja kwa miaka mingi, tena kwa bidii, bila likizo. Laiti bidii hiyo ningeiweka kazini, leo mngeniandikia Kijerumani kama daktari.

Niliingia kazini enzi za misafara, reli bado haijafika kwetu. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali huko pwani, nilikopelekwa kwa sababu kila ukoo wa Mkonze ulitakiwa utoe mtoto mmoja, na katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa sifai kuchunga. Nilisoma nikapita darasa walilokomea wengi. Wenzangu wakabaki huko wakawa makarani na walimu, wakavaa viatu. Mimi nilirudi kwa kuwa nilikuwa nimeukumbuka mlenda. Hata hivyo sikufika nyumbani. Nilikamatwa njiani na kazi, katika boma la Mpwapwa, kwenye chumba cha dawa, mwendo wa siku kadhaa kutoka kwa mama. Kila jioni nilitazama upande wa magharibi kama ndama aliyefungwa.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Feruzi, Mmanyema aliyebeba mizigo ya misafara kabla hajabeba sanduku la dawa. Juu yake alikuwa daktari Mjerumani. Madaktari walikuja na kuondoka, na wote tuliwaita Bwana Mganga, kwa hiyo nami nitawaita hivyo hivyo. Siku ya kwanza Mzee Feruzi alinipa kichupa cha kioo chembamba kama kidole, taa ya spiriti, na chupa ya siki.

"Wenzako wote wanataka visu," akasema. "Wewe umesoma. Nakupa mkojo."

"Mkojo, mzee?"

"Mkojo. Haupigi kelele, haukimbii, na haukudanganyi kama mwenyewe anavyokudanganya."

Akanifundisha. Jaza kichupa theluthi mbili, kishike chini kwa kibanio cha mti, pasha moto sehemu ya juu peke yake, ili ya chini ibaki ilivyo uilinganishe nayo. Ukishachemka, tia tone la siki. Ukungu ukitoweka, zilikuwa chumvi tu, mwache mtu aende zake. Ukungu ukibaki, ukagandamana kama ute wa yai lililotokoswa, basi kuna jambo huko ndani, na sasa ndiyo kazi inaanza.

Maana kichupa hakisemi jambo gani. Hilo huulizwa mgonjwa. Figo ni mbili, zimelala nyuma chini ya mbavu, kila moja kama ngumi. Asiyeziona kwa mtu na azitazame kwa mbuzi. Zinachuja damu, na maji machafu yanashuka hadi kwenye kibofu. Ugonjwa hupanda kwa njia ile ile yanayoshukia maji. Ukiwa bado kibofuni, mtu anakwenda haja ndogo kila mara, anatoa matone, yanachoma, naye hukuonyesha chini ya kitovu. Ukishafika kwenye figo, homa inampiga kwa kutetemeka hadi meno yagongane, anatapika, mkojo wake una wingu na harufu mbaya, na ukimwuliza panapouma, mkono wake huenda wenyewe nyuma, ubavuni. Mzee Feruzi alikuwa akipagonga pale kwa ubavu wa ngumi, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mkwe. Aliyeruka, alilazwa.

Kosa kubwa la nchi hii, alisema, ni kwamba kila anayetetemeka tunamwita mgonjwa wa homa ya mbu na kumpa kwinini. "Wengi watakuwa nayo kweli. Kwa hiyo utapatia mara nyingi, utajiona hodari, na siku utakayokosea hutajua." Nilimwitikia ndiyo. Nilikuwa hodari sana wa kuitikia ndiyo.

Reli ilipofika Dodoma ikaja hospitali, nami nikaomba kuhamishwa, nikakubaliwa, na tangu siku ile sijawahi kuomba kitu kingine serikalini zaidi ya kuachwa nilipo. Nilijenga tembe langu Mkonze. Asubuhi nilitembea kwenda kazini, jioni nilirudi, na katikati nilifikiria kurudi. Nilikuwa nimeoa: Nyemo, binti wa watu wa Buigiri, mwenye ulimi mwepesi na subira ndogo, akaniletea mtoto wa kiume, Ndahani. Majirani walikuwa wananiita Bwana Mkojo. Ningeweza kuishi hivyo hadi kufa.

Kisha wakaniletea Iddi.

Iddi alitoka Kondoa, Mrangi mrefu, mwembamba, mwenye vidole kama vya mshona kofia. Hakusoma nusu yangu. Kusoma kwake alikupata chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na herufi za kizungu aliziokota njiani kama mtu anavyookota kuni. Nilimpokea vizuri, kwa huruma, kama unavyompokea mtu ambaye una hakika hatakupita. Wiki ile ile likafunguliwa sanduku lililokuwa na darubini ya kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho.

Bwana Mganga wa wakati huo akaweka tone la mkojo kwenye kioo, akaniita mimi kwanza, kwa ukubwa wangu. Nikafumba jicho moja, nikainama.

"Unaona nini, Madeje?"

"Majani, Bwana Mganga. Majani meusi, marefu."

Zilikuwa kope zangu. Akamwita Iddi. Iddi akainama, akazungusha gurudumu dogo kwa ncha ya kidole, akaomba penseli. Akachora viduara, vingi, vimeshikana kama mbegu za nyanya, na kila kimoja kina vitone ndani. Bwana Mganga akautazama mchoro, akatazama darubini, akautazama tena mchoro. "Usaha," akasema. "Sawasawa kabisa." Siku hiyo funguo ya sanduku la darubini ikaning'inia shingoni mwa Iddi, na mimi nikarudi kwenye kichupa changu na taa yangu.

Nawaambia jinsi wivu ulivyo, kwa kuwa nanyi mtafanya kazi na watu. Haukuja kama hasira. Ulikuja kama hesabu. Nilijua mara ngapi kwa siku Bwana Mganga ametaja jina lake, na mara ngapi langu. Iddi alipochukuliwa safari kwenda Kilimatinde kuangalia wagonjwa, sikulala kwa uchungu, ingawa mimi niliulizwa kwanza nikasema goti linaniuma. Goti halikuwa na neno. Nilitaka kuombwa tena. Na baya zaidi, Iddi alikuwa mtu mwema. Asubuhi alinisalimu, akauliza hali ya shemeji na mtoto, akanitania kidogo: "Bwana Madeje, leo umechelewa, au mlango wa nyumba ulikukatalia kutoka?" Nilitafuta ubaya wake kama mtu anavyotafuta sindano mchangani.

Ndipo nikapata, nilidhani, nafasi yangu. Kiangazi kimoja watu wa Miyuji walianza kuja na homa, na Bwana Mganga akataka kila mmoja alete mkojo wa asubuhi. Nikachemsha. Wa kwanza ukaganda. Wa pili ukaganda. Kufika mchana nilikuwa na watu tisa, wazee kwa vijana, na mikojo yao yote imeganda kama mayai. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule kwamba Miyuji nzima imeshikwa na ugonjwa wa figo, nikampelekea Bwana Mganga. Akashtuka. Akaanza kuulizia vitanda.

Iddi alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa upole kabisa, "Wameileta ndani ya nini?"

"Ndani ya vibuyu," nikasema. "Ulitaka walete ndani ya viatu?"

"Vibuyu vya nini?"

Nikakiinua kimoja, nikakinusa. Swali hilo lilikuwa langu kuuliza, kwa sababu mimi ni Mgogo, mtoto wa wafuga ng'ombe, na yeye ndiye mgeni. Katika nyumba zetu kibuyu chenye mdomo mzuri na kifuniko ni cha maziwa. Husuguliwa, hufukizwa moshi, lakini maziwa hayaishi ndani ya kibuyu. Yamekaa kwenye ngozi yake tangu siku ya kwanza. Watu wa Miyuji, kwa heshima ya hospitali, walikuwa wameleta mkojo katika vyombo vyao vizuri kuliko vyote. Nilikuwa nimechemsha maziwa. Nikatia siki juu yake, nikashangaa yanaganda.

Bwana Mganga alicheka hadi akavua miwani. Iddi hakucheka. Alikwenda kutafuta chupa tupu za dawa, akazichemsha, akawagawia wale watu, na kesho yake mikojo minane ilikuwa safi, na wa tisa alikuwa bibi mmoja mwenye figo kweli, akalazwa, akapona. Angecheka ningemsamehe.

Tangu hapo nikapata ugonjwa mwingine. Kila kichupa kilipoganda mkononi mwangu nilijiambia ni chombo. Nilikuwa na mikono inayojua kazi na kichwa kisichoiamini mikono.

Mwaka uliofuata, kiangazi tena, Nyemo alikuwa na mimba ya miezi sita. Mabwawa yalikuwa yamekauka na wanawake walichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, mbali, wakisubiri chini ya shimo hadi kata ijae. Siku moja nilirudi nikamkuta amejifunika ngozi mbili kwenye jua, anatetemeka hadi bangili zinalia.

"Homa," nikasema.

"Ubavuni," akasema. "Hapa nyuma. Kama mtu ananisukuma na mwiko wa moto."

Nikampa kwinini.

Naomba msome tena maneno yale mawili, kwa sababu nimekaa nayo miaka mingi. Mtu aliyefundishwa na Mzee Feruzi, aliyeambiwa "hapa nyuma" na mkewe mwenyewe, mwenye mimba, alimpa kwinini. Siku ya pili alitapika hata uji wa uwele. Nikachukua chupa ya hospitali, niliyoichemsha kwa mkono wangu, nikapata mkojo wake, nikauchemsha asubuhi mapema kabla watu hawajafika. Uliganda. Haukuganda kidogo; uliganda nusu ya kichupa.

Nikaumwaga.

Nilijiambia ni chombo. Nilijiambia huenda siki imeharibika. Lakini chini ya maneno hayo palikuwa na neno jingine, nalo ndilo lililomwaga: ili kujua hakika ilinibidi nimpelekee Iddi, yeye ndiye mwenye darubini. Bwana Mganga alikuwa safarini. Ningesimama mbele ya Iddi na mkojo wa mke wangu mkononi nikimwomba anitazamie. Kisha angekuja nyumbani kwangu. Angemponya, na Nyemo angejua nani amemponya. Kwa hiyo nikaongeza kwinini.

Siku ya nne alikuja mama yake kutoka Buigiri. Kwetu mkwe hasemi na mkwewe ana kwa ana, wala hawatazamani. Kila mmoja hujifanya mwenzake hayupo. Mama mkwe alikaa nje ya mlango, kanipa mgongo, akauhutubia mtungi.

"Wewe mtungi," akasema, "nimesikia hapa anaishi mtu wa hospitali. Ukimwona, mwambie mtoto wangu anaungua."

Nikauambia mtungi kwamba dawa anapewa.

"Mtungi, mwulize dawa hiyo ameishauri na nani."

Nikauambia mtungi kwamba mwenye nyumba ana ujuzi.

"Aa. Basi mtungi, mwambie hivi: mtoto wangu amesema tumbo limeanza kukaza. Limekaza mara tatu tangu jua lichomoze. Mwambie ujuzi wake autoe haraka, au amwite mwenye ujuzi wa ziada, kabla sijazika wawili."

Nilitoka pale nikitembea, kisha nikikimbia. Tangu shuleni sikuwa nimekimbia. Nilimkuta Iddi anafuta kioo cha darubini kwa kitambaa.

"Karibu, Bwana Madeje. Mbona unahema kama umefukuzwa na faru?"

"Shemeji yako anaumwa."

Akaweka kitambaa chini. "Tangu lini?"

"Siku kadhaa."

"Kadhaa ngapi?"

"Nne."

"Umempa nini?"

"Kwinini."

"Na mimba?" Akasimama. "Kwinini nyingi kwa mwenye mimba si huamsha uchungu kabla ya siku zake? Wewe ndiye uliyeniambia!"

Kweli. Mimi ndiye niliyemwambia, mwaka wake wa kwanza, nikijionyesha.

"Mkojo umepima?"

"Nimepima. Uliganda. Nikaumwaga."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema chombo. Nikatazama funguo iliyokuwa shingoni mwake. "Kwa sababu yako," nikasema.

Sijui alielewa kiasi gani. Hakuuliza tena. Nilikuwa nimekuja na chupa nyingine ya mkojo wa Nyemo; akaichukua, akatia tone kwenye kioo, akainama, akainuka upesi. "Tazama."

"Mimi sioni kitu humo."

"Tazama, bwana. Usibane jicho. Rudisha kichwa nyuma kidogo. Kope zako ni ndefu."

Na nikaona. Viduara, vimejazana hadi hapana nafasi, kama mbegu za nyanya iliyopasuliwa. Miaka yote ile nilitamani kuviona, na nilipoviona vilikuwa vya Nyemo.

Iddi alipoingia nyumbani kwangu aligonga kichwa kwenye boriti ya tembe. Nikafurahi. Hata siku ile, hata saa ile, kuna kitu ndani yangu kilifurahi, nami naandika ili mjue mtu ameumbwaje.

Akamwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," akaomba ruhusa yake kumgusa mgonjwa mgongoni. Akagonga kwa ubavu wa ngumi, upande wa kulia hakushtuka, wa kushoto Nyemo akalia. Kisha akachuchumaa akamwuliza maswali, yale yale ya Mzee Feruzi, niliyomfundisha mimi. Nyemo akamwambia kwamba mkojo ulikuwa unamchoma tangu mwezi uliopita kuandama. Kwamba maji yakiwa haba huwa anakunywa mwisho, baada ya mtoto na ndama. Kwamba kule mashimoni akibanwa huvumilia, kwa sababu ukitoka kwenye foleni unapoteza zamu.

"Hayo yote hukuniambia," nikasema.

"Hukuniuliza," akasema Nyemo. "Wewe uliniuliza kama nimemeza."

Sasa matibabu, kama tulivyokuwa nayo na kama mlivyo nayo ninyi. Kwinini ilikoma saa ile. Iddi alikuwa na maagizo ya Bwana Mganga kwa wagonjwa wa namna hiyo: vidonge vyeupe vya kusafisha mkojo, vile vyenye jina refu ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulimaliza bila kupumzika, mara tatu kwa siku na maji mengi. Vidonge hivyo haviui kila kidudu, na asiwadanganye mtu. Kazi kubwa ni kulala na kunywa. Alalie ubavu usiouma, ili mimba isiikalie figo mbovu. Kitambaa cha maji moto mgongoni. Uji mwepesi. Na maji, kikombe baada ya kikombe, hata akitapika, kidogo kidogo, hadi mkojo utoke mweupe kama maji yenyewe. Asijizuie haja hata mara moja. Na homa ikishuka asiache vidonge, maana hapo ndipo watu wote huacha, na hapo ndipo ugonjwa hurudi na ndugu zake.

"Atahitaji mtungi mzima kwa siku, zaidi ya ule wa nyumba," akasema Iddi. "Nani atateka?"

Nyemo alikuwa chini. Mama mkwe hakuweza kumwacha. Mama mkwe akautazama mtungi. "Mtungi," akasema, "mwenyeji wako ana miguu miwili."

Mnajua kwetu mwanamume hateki maji. Nilifika kwenye mto mkavu na mtungi nimeukumbatia kama mtoto wa kuokota. Wanawake walikuwa kama ishirini. Mmoja akaanza.

"Mbukwa, Bwana Mkojo! Leo umefuata maji ya kuingia au ya kutoka?"

"Mwacheni, amekuja kuyapima! Mchanga una homa!"

"Baba Ndahani, mtungi unakaa kichwani, si tumboni. Tumboni anakaa yule mwingine, na huyo si wako kumbeba!"

Nilisema kwamba Nyemo ana ugonjwa wa figo na anatakiwa kunywa. Kicheko kikapungua, hakikuisha. Mmoja wao akanisogeza mbele ya zamu, mwingine akavua ngata yake akaniwekea kichwani bila kusema neno. Mtungi wa kwanza nilimwaga nusu njiani. Nilikwenda asubuhi na alasiri, siku kumi na moja, na hadi ya mwisho walinipangia jina jipya kila siku. Bwana Mkojo lilikuwa ndilo la heshima.

Siku mbili za kwanza tumbo liliendelea kukaza. Nilikaa nje ya mlango upande mmoja, mama mkwe upande wa pili, tumepeana migongo, tukihesabu kila mtu kivyake. Siku ya tatu likalegea. Siku ya tano homa ikashuka, Nyemo akaomba mlenda, akalalamika kwamba nimeuunga vibaya. Siku ya kumi na moja Iddi alitazama mkojo wake, akaniachia nami nitazame, haukuwa na kitu. Kwenye masika akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya bibi yake.

Mtoto alipofikisha siku arobaini, Nyemo alikuwa anapepeta uwele, akaniuliza bila kuinua uso.

"Uliujua ugonjwa wangu siku ya ngapi?"

Ningeweza kusema ya nne.

"Ya pili," nikasema.

Ungo ukasimama. "Na wewe ukanyamaza kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya kope, ya funguo, ya vibuyu vya Miyuji, ya kichupa nilichomwaga. Alisikiliza yote. Nilingoja matusi, ana matusi mazuri sana. Hakutukana. Akapepeta tena, akapuliza makapi, akajigusa tumbo, akasema, "Tulikuwa wawili humu ndani," basi.

Hakunifukuza, wala hakuniaibisha kwa mama yake. Alifanya jambo moja tu. Tangu siku ile, yeye na watoto wakiumwa, anaitwa Iddi. Jino, Iddi. Kikohozi, Iddi. Mimi nimetibu nusu ya Ugogo, na nyumbani kwangu nimekuwa mtu wa kupeleka ujumbe. Iddi mwenyewe aliona haya, akajaribu kukataa: "Shemeji, mumeo yupo." Nyemo akamjibu, "Yupo. Ndiye nimemtuma."

Mwezi uliopita, wiki yangu ya mwisho kazini, alisema ubavu unamwuma tena. Sikungoja. Nikachemsha chupa, nikamwuliza maswali yote, na moja zaidi: kama kuna ambalo sikumwuliza. Nikaenda nayo hospitalini. Nilipouchemsha mkojo ulibaki mwangavu kama chai isiyo na majani. Iddi akavua funguo shingoni, akanikabidhi, akatoka nje kuongea na wagonjwa, kwa makusudi, najua. Nikakaa peke yangu mbele ya darubini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hapakuwa na kiduara hata kimoja. Nikaandika jibu kwa mwandiko wangu, nikatia jina langu chini yake.

Nyumbani nilimkuta Nyemo ameketi mlangoni, mkono ubavuni. Nikamsomea karatasi yote: hakuna usaha, hakuna ute, figo ni nzima, ni mgongo tu wa kuinama shambani, apumzike, anywe maji. Nikakunja karatasi nikasubiri.

"Vizuri," akasema Nyemo. "Na Iddi amesemaje?"